Jani la Maji Mawili

Asubuhi nimekata mshubiri nyuma ya maabara,
jani nene, lenye meno pembeni,
nikalisimamisha kichwa chini ndani ya bika
litoe kwanza hasira yake.
Utomvu wa manjano ukachuruzika taratibu,
mchungu, una harufu ya kwapa la msafiri.
Huo tunamwaga. Huo unababua.
Ukishamenya ganda kwa kisu, ndani
kuna ute mwangavu, unatetemeka kama jicho.
Huo ndio tunaoutaka.

Jani moja, maji mawili.
Daktari Mshiu anasema niandike hivyo hivyo daftarini,
ila kwa lugha inayopimika.

Naandika: mwarobaini, majani makavu, gramu hamsini,
spiriti, siku tatu gizani.
Manjano ya soko la Mbuyuni, ya kuulizia mara mbili,
maana wapo wanaochanganya na unga wa sembe.
Bakteria wa chunusi hapendi hewa;
tunamfuga kwenye mtungi uliokazwa kifuniko,
siku tano, joto la mwili wa mtu,
anatunzwa kama mkwe.
Kisha tunamwekea katikati ya sahani yake
kikaratasi kilicholowa dawa, tunangoja.

Leo kuna duara.
Kikaratasi kimezungukwa na uwazi, milimita kumi na moja,
ambamo hakuna aliyethubutu kuota.
Nimepima kwa rula mara tatu.
Wenzangu wamepiga makofi, mimi nimekwenda dirishani.
Wingu lilikuwa limeificha Kibo yote.
Mawenzi peke yake ndiyo iliyokuwa nje,
na mikwaruzo yake yote.

Aikande.
Ulikuwa na miaka kumi na minne, mimi kumi na saba.
Paji lilianza kuvimba, mashavu yakafuata,
weusi juu ya weusi, na moto chini yake,
na mimi, mbele ya wageni wa kipaimara chako,
sahani ya pilau mkononi,
nikakuita Mawenzi.
Wakacheka. Hata wewe ulicheka, kwa mdomo.
Jumatatu jina lilikutangulia shuleni.
Nani aliteremka nalo kutoka Kibosho? Sikumtuma mtu.
Neno halina kwato lakini linafika.

Ukasugua limau. Ukasugua majivu.
Ukanunua stendi kopo lisilo na maandishi,
ukalala nalo usoni usiku kucha,
asubuhi foronya ikabanduka na ngozi.
Nilikusikia bafuni.
Niliongeza sauti ya redio.

"Sahani si uso," anasema Daktari Mshiu.
Kinachoua kwenye kioo huenda kisipenye ngozi,
au kipenye, kiunguze.
Basi nimejipaka mwenyewe, ndani ya mkono,
alama nne za kalamu, nguvu nne.
Ya nne imenichoma mpaka machozi. Nimeiandika.
Ya pili imetulia, baridi, kama haipo.
Pengine siku moja itamfaa mtoto wa mtu,
baada ya vibali, baada ya miaka.
Haifuti makovu. Hilo nalo nimeliandika,
nikalipigia mstari, sijui kwa nini.

Wewe sasa unashona nguo Majengo,
unawapima wateja ukikipa kioo mgongo.
Harusini kwangu ulisimama ukingoni mwa kila picha.
Hatujawahi kuongea habari ile.

Saa kumi nimenawa mikono, nimevua koti jeupe,
nikachuma isale kwenye ua wa kaskazini,
jani moja refu, nikalipiga fundo.
Hili hatujalisaga. Hatujalichuja.
Sijui lina nini ndani.

Baba Ndesario, mlinzi, huwa hukagua mikoba,
asitoke mtu na chupa ya kazini.
Leo ameona jani mkononi mwangu
akasahau mkoba.
"Umemkosea nani?"
Nikafungua mdomo, nikaufunga.
Ameacha mlango mdogo tunaopita kila siku,
amekwenda kwenye lile geti kubwa la malori,
akalisukuma lote, mpaka mwisho.